Gari la Staa Lilivyonitoa Jasho Chuga

Leo sina umbea wa mtu. Nimewaandikia sana habari za watu hapa, nani kaachwa, nani kahamishwa nyumba usiku, kwa hiyo leo ni haki na mimi nijianike.

Mwaka jana mwezi wa sita nilinunua Subaru Forester, ile ya turbo, namba C, bluu. Aina hii ya ndinga unaisikia kabla hujaiona. Likiwa Mnara wa Saa, wewe uliyeko soko la Kilombero unajua linakuja.

Dalali alinipigia akaanza hivi: "Chalii yangu, hili lilikuwa la fulani." Akataja staa wa Bongo Fleva, mtoto wa hapahapa. Jina sitaji, bashirini wenyewe, najua mnapenda. "Injini kaitengeneza kwa hela ndefu, we unakula vya bure."

Bei milioni 9 na nusu. Kuagiza mwenyewe Japan nilikuwa siwezi, gari la 2004 ukiliingiza leo wanakuongezea ushuru wa uchakavu. Nilikuwa na milioni 5 za kwangu, miaka mitatu ya kujinyima. Nne na nusu zilizobaki mama alinikopea kwenye kikoba chao cha Moshono. Nilimwambia gari ni la kazi, nitapeleka abiria KIA. Akauliza swali moja tu: "Linakula mafuta kiasi gani?"

"Kawaida tu, mama."

Hata sikuwa najua.

Tulilijaribu kwenye njia nne, Sakina mpaka Tengeru. Jamani. Turbo ikishika mgongo unanata kwenye siti, ukiachia mafuta linapuliza "pshhh" watu wa bodaboda wanageuka. Sikuuliza kitu tena. Nilichokagua ni kadi peke yake. Namba ya injini sawa, ya chesisi sawa, nikajiona mjanja. Kumbe kadi inakuandikia rangi, mwaka na ukubwa wa injini. Haikuandikii nani aliifungua hiyo injini wala alibadilisha nini.

Halafu kuna kitu mkono ulikihisi kichwa kikapuuza. Tulipofika, boneti lilikuwa la moto. Saa moja asubuhi, mwezi wa sita, Arusha, baridi ile ya makoti mawili! Nikadhani wamelipasha kwa heshima yangu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nikapiga stata likiwa limelala baridi. Moshi wa bluu ukafunika uwanja, jirani akatoka kuuliza nani anachoma takataka. Dakika tano ukakata. Dalali akasema, "Turbo ndivyo zilivyo, braza." Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Nikawa naliongezea oili lita moja kila wiki mbili, kama mtu anayemnywesha mtoto uji.

Wiki ya sita nikapata abiria wa Namanga. Wanaoijua njia hiyo wanajua, ukiacha Ngaramtoni unapanda ubavu wa Mlima Meru, mlima uko kulia kwako, mpaka Oldonyo Sambu. Nikakanyaga nilipite Fuso. Nikasikia tak tak tak, nguvu zikaisha, kioo cha nyuma kikajaa moshi. Abiria akashuka akadandia Noah, hata nauli hakunipa. Sikumdai.

Likavutwa mpaka Unga Limited kwa fundi mmoja mzee. Kabla hajafungua kitu akapima kompresheni. Silinda tatu nzuri, ya nne hoi. Alipofungua, pistoni ya nne ilikuwa imemeguka pale ringi zinapokaa.

"Mwanangu," akasema, "aliyetengeneza hii alikuwa na haraka."

Akanionyesha. Masega yametolewa, ekzosi imewekwa kubwa, chujio la hewa la wazi, presha ya turbo imepandishwa. Hayo yote si dhambi, alisema, watu wanafanya na magari yanadumu. Lakini ukiiongezea injini hewa, inataka na petroli iongezeke. Kwa hiyo kontrol boksi lazima ipangwe upya, na nozeli na pampu ziwe na uwezo wa kulisha. Huku hakuna aliyegusa, kila kitu cha petroli kilikuwa kilekile cha kiwandani. Hewa nyingi, petroli kiduchu, joto ndani ya silinda linapanda, mchanganyiko unajilipukia kabla ya wakati wake. Kila mlipuko wa hivyo ni nyundo kwenye pistoni.

Nikamuuliza mbona Tengeru lilikuwa linaruka vizuri. Akacheka. Kwenye njia nne unakanyaga sekunde tano unaachia. Mlimani unakanyaga dakika nzima. Tena mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, turbo inazunguka zaidi ili ifikishe presha ileile, na hewa inayoingia inakuwa ya moto zaidi.

Kupima kompresheni ilikuwa nusu saa na elfu 30. Hiyo elfu 30 nilikuwa nayo siku ya kununua. Nilinunulia stika.

Na staa? Kadi ilikuwa na jina la mtu mwingine, nikajipa moyo kwamba mastaa huwa wanaandikisha kwa ndugu. Mshkaji wangu mpiga kamera ndiye aliyenikata maini: "Lile la bluu? Si tulilikodi siku moja kushutia video Njiro! Yeye hata gia ya mkono hajui." Namba ya dalali haipatikani mpaka leo.

Injini nyingine sikuwa na uwezo nayo. Fundi alilirudishia kwa pistoni ya kuokoteza liweze kuwaka tu, akanionya nisivuke nalo Ngaramtoni. Dalali mwingine akanipa mchongo: weka oili nzito, weka dawa ya kuzuia moshi, lipashe mteja hajafika, uza.

Nikafanya hivyo. Sijisifu.

Akaja dogo kutoka Usa River na mama yake, hela ziko kwenye bahasha. Nikalipiga resi moja, dogo akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Kweli lilikuwa la fulani?" Mama yake wala hakushtuka na sauti. Aliweka kiganja kwenye boneti akaniangalia.

"Baba, mbona lina joto?"

Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja kulipasha. Nilitafuta jibu, nikaona bahasha, nikakumbuka bahasha nyingine. Nikafungua mlango wa nyuma nikatoa pistoni iliyomeguka, nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti, nikampa aishike. Dogo alininunia kama nimemnyang'anya chakula.

Mwezi wa kumi lilichukuliwa na fundi aliyetaka bodi na gia boksi, milioni 4 na laki 2. Nikitoa hela ya gereji, na riba, kikoba bado kinanidai milioni na ushee. Napeleka elfu 50 kila Jumamosi. Juzi mama alipomaliza kuhesabu akaniuliza tena, "Hivi lile gari lilikuwa linakula mafuta kiasi gani?"

Safari hii nikamwambia. Lita moja, kilomita sita. Alicheka, kisha akaandika jina langu kwenye daftari.