Kabla Hujatoboa Dari

Iwapo sebule yako ni ya futi 10 kwa 10 kama yangu, bila shaka umechoka na yale masanduku ya spika yanayokula nafasi ya kochi na kuangushwa na watoto kila kukicha. Siku hizi watu wanazificha spika darini, nami mtindo huo naupenda. Hata hivyo, kabla fundi hajashika msumeno, muulize: sauti itaenda wapi?

Spika nyingi za darini ziko wazi mgongoni. Sauti ya nyuma humwagika juu ya dari, na katika nyumba zetu nyingi za mabati kuta hukomea hapo hapo. Huko juu, sebule na vyumba vya kulala ni kitu kimoja!

Chumba kinachopakana na sebule yetu analala mama mkwe, mgonjwa wa presha ambaye usingizi humjia kwa taabu. Fundi alisema tupunguze sauti tu. Nilikataa. Je, mimi mke wa mwanawe nimwambie azibe masikio?

Tulinunua spika mbili zenye makasha ya kufunika mgongo, na waya zikapitishwa ndani ya paipu, maana panya wa darini hawana adabu. Mume wangu angali ananung'unikia bei ya makasha hayo. Na anung'unike.