Namba Ilipanda, Nikasema Kazi Imeisha

Wasee, leo nakiri kitu sijawahi kuandika hapa. Wengi wenu mnanijua kama ule jamaa wa video za ruta, anayewaambia kila wiki mtandao si uchawi. Sasa skizeni vile nililoga watu bila kujua.

Nilikuwa mwanagenzi kwa kampuni ndogo ya mitandao hapa Nairobi. Mteja wetu, watu wa mizigo, alikuwa na faiba ya mtoa huduma mmoja. Akataka ya pili, ili ya kwanza ikikatika malori yasikwame getini yakingoja karatasi. Alikuwa na namba yake ya AS, ile inayoutambulisha mtandao wake kwenye intaneti, na fungu moja la anwani 256. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha ruta yake na ya mtoa huduma wa pili kwa BGP. Bosi aliniacha peke yangu. Manze, nilijiona mkubwa!

Kama hujui BGP, ni ruta za mitandao tofauti zikiambiana, "Anwani hizi utazifikia kupitia kwangu." Jirani akisikia, anaamini, labda awe amewekewa sheria ya kuchuja. Kuanzisha hayo maongezi si ngumu. Unaandika namba yako, anwani ya jirani na namba yake, basi.

Halafu unaandika show ip bgp summary, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Safu ya mwisho ikisema Active, usishangilie. Neno ni tamu, lakini maana yake ruta bado inabisha hodi na maongezi hayajaanza. Pengine umekosea namba ya jirani, pengine kuna kitu kinafunga mlango wa TCP 179. Mambo yakikubali, neno linatoweka na mahali pake unaona namba, yaani idadi ya njia ulizopokea.

Yangu ilipanda. Laki mbili, laki tano, ikakaribia milioni. Intaneti nzima ndani ya ruta niliyoiseti mimi! Nikapiga skrinshoti, nikaweka stetasi, nikaita bodaboda.

Sijafika nyumbani, simu. "Kijana, huku hakuna kitu inafunguka." Nikamjibu bila aibu kwamba hiyo ni shida ya mtoa huduma, upande wangu kila kitu kiko sawa, na picha ninayo. Nikikumbuka hilo jibu, hadi leo nasikia joto kwa masikio.

Bosi alinipata pale kwa mteja, akaandika amri moja: show ip bgp neighbors, anwani ya jirani mpya, advertised-routes. Skrini ikaanza kutiririka. Haikukoma. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mteja ana mafungu mangapi ya anwani?"

"Moja."

"Na hapa unaona mangapi?"

Nilikuwa nimeangalia kinachoingia tu. Kinachotoka sikukiangalia. Ruta ile, usipoiambia vingine, humtangazia jirani mmoja njia bora zote ilizosikia kwa mwenzake. Kwa hivyo tulikuwa tumemwambia mtoa huduma wa pili kwamba dunia nzima anaweza kuifikia kupitia kwetu. Naye hakuwa ameweka kichujio wala kikomo upande wake, akaamini. Watoa huduma hupendelea njia za wateja wao kwa sababu mteja ndiye anayelipa, basi akaanza kutupitishia safari za watu wengine kwenye laini yetu ya megabiti 50. Ni kama kugeuza njia ya choo kuwa Thika Road. Wakati huo malori yalikuwa yamepangana getini, madereva wamezima injini.

Dawa ilikuwa mistari michache: orodha inayoruhusu fungu la mteja peke yake litoke. Tukaweka pia kikomo cha njia tunazopokea, maana hata sisi hatukuwa na sababu ya kumwamini jirani kiasi hicho.

Na si wanagenzi peke yao. Tarehe 24 Juni 2019, kampuni ya chuma ya Marekani, Allegheny Technologies, ilipokea njia kutoka kwa mtoa huduma wake mmoja, DQE, ikazipitisha kwa mwingine, Verizon, na Verizon haikuzichuja. Cloudflare ilipoteza karibu asilimia 15 ya trafiki yake ya dunia wakati hali ilipokuwa mbaya zaidi. Mteja mmoja tu mwenye laini mbili, kama wangu.

Ndiyo maana hizi skrinshoti za "imeshika!" tunazorushiana kwa magrupu siku hizi zinanichosha. Tumezoea maabara za kwa laptopu, ambako ukikosea hakuna lori linalongoja. Namba ikitokea, unapewa maksi.

Siku hizi kazi ikiisha huwa sitoki. Naandika ile amri ya bosi, nahesabu mistari. Kwa mteja wa fungu moja nataka mstari mmoja. Nikiona sifuri, najua fungu haliko kwenye jedwali la ruta kwa ukubwa uleule nilioandika, kwa hivyo halitangazwi. Kisha nawasha data ya simu yangu, si Wi-Fi ya mteja, nafungua seva za umma zinazoonyesha njia kama mitandao mingine inavyoziona, natafuta anwani zetu huko. Mwezi jana mteja mmoja aliniuliza mbona bado nimekaa na intaneti inafanya. Nikamwomba chai.