Panya Hawapandi Hapa

Mjomba mpendwa,

Jumamosi nilipakia baiskeli kwenye treni hadi Oberwald, juu kabisa kwenye bonde la Goms hapa Uswisi, nikateremka na mto Rhone.

Najua utacheka. Wewe uliyekokota baiskeli ya Black Mamba yenye mitungi ya maziwa kupandisha kutoka mto Thuci utasema huko ni kupunga upepo tu. Ni kweli. Barabara yetu ya Embu hadi Meru huikata mito: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, kila mmoja na mteremko wake na sala zake. Huku njia hufuata mto mmoja, mpaka magoti yanasahau kazi. Nilipita Niederwald, alikozaliwa César Ritz mwaka 1850, mtoto wa kumi na tatu wa mkulima, ambaye baadaye jina lake lilibandikwa kwenye hoteli za Paris na London. Kisha daraja la kuning'inia, mita 92 juu ya mto. Sikutazama chini.

Ng'ambo ndiko kuna Ernen. Nyumba za mbao zimeungua jua kwa karne nyingi hadi zikawa nyeusi. Moja ina picha ya mwaka 1578 ukutani: Wilhelm Tell, shujaa wa hadithi za Uswisi, akilenga tufaha kichwani mwa mwanawe. Zamani kesi za Goms zilisikilizwa hapa, na kilimani bado zimesimama nguzo tatu za mawe za kunyongea watu. Niliwawaza wazee wa baraza la Njuri Ncheke kule Nchiru, Meru. Wao bado wanakaa kuamua kesi. Hawa wamebaki na nguzo na watalii.

Lakini kilichonishika ni maghala. Yameinuliwa kwa miguu ya mbao, na juu ya kila mguu pana jiwe bapa la mviringo, pana kama sinia. Panya akipanda, anagonga jiwe na kurudi. Nafaka hakuna tena ndani, ila hakuna aliyeyabomoa. Mwaka 1979 kijiji kilipewa Tuzo ya Wakker kwa kuutunza uzee wake bila kuacha kuishi ndani yake.

Sasa, Mjomba, ile ghala ya bibi nyuma ya jiko. Nasikia mmeanza kuzitazama nguzo zake kwa macho ya kuni. Tafadhali ngojeni Desemba. Mabati ya kuiezeka nitanunua mimi, na mahindi ya msimu huu yawekwe humo, si kwenye magunia sebuleni.

Mpwa wako.