Ini na Matarishi Wake

Mwili wa kiumbe ni kama mji, na kila mji wahitaji watu wa kupeleka habari. Zamani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Bahati na Makongeni, walikaa makarani, wafanyakazi wa reli, na matarishi waliotoka alfajiri kwenda kazini. Tarishi hakujenga nyumba wala hakuendesha gari la moshi. Alichukua barua tu. Lakini barua isipofika, kazi husimama. Mwilini, matarishi hao huitwa homoni, nao husafiri katika damu. Msomaji, nataka kukuonyesha jinsi wanavyoliamuru ini, karakana kubwa ya mwili, kutengeneza protini.

Mwalimu wangu wa kwanza katika jambo hili alikuwa kuku. Nilipokuwa mtoto, mama alinituma soko la Burma kununua kuku wa sikukuu. Alipopasuliwa, tuliona ndani yake shada la viini vya mayai, vikubwa kwa vidogo, vimeshikamana kama shanga. Nikauliza vimetoka wapi. Jibu nililipata miaka mingi baadaye: protini yake hutoka katika ini. Ovari ya kuku anayetaga hutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo huingia ndani ya seli za ini na kuiamsha jeni iliyolala. Ndipo ini hutengeneza protini ya kiini, nayo damu huichukua mpaka kwenye ovari. Ajabu ni kwamba ini la jogoo lina jeni iyo hiyo. Wataalamu walipomdunga jogoo estrojeni, ini lake nalo lilianza kutengeneza protini ya kiini. Ujuzi alikuwa nao siku zote. Alichokosa ni amri.

Sisi nasi tuna amri zetu. Ini la mtu mzima hutengeneza gramu 10 hadi 15 hivi za albumini kila siku, protini ambayo husaidia kuyashika maji yasivuje kutoka mishipani. Tukila, kongosho hutoa insulini, nayo hubisha hodi kwenye seli za ini na kuhimiza ujenzi. Tukishikwa na njaa au maradhi, homoni ya kotisoli huiagiza misuli itoe akiba yake, ini lipate malighafi.

Lakini amri bila malighafi yafaa nini? Jirani yetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili, aliyeachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa. Chakula chake kilikuwa uji mweupe wa mahindi, asubuhi na jioni. Miguu na mashavu yakavimba, nywele zikageuka rangi, na majirani wakamsifu unene. Mama yake hakuridhika na sifa hizo, kwa kuwa mtoto hakucheza wala hakucheka, akampeleka hospitali. Ulikuwa kwashiakoo, ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana.

Mwaka 1973 wataalamu waliochunguza watoto Kampala, akiwamo R. G. Whitehead, walitoa rai hii: chakula cha wanga mtupu huzidisha insulini, insulini huiagiza misuli ishike protini kidogo iliyopo, na ini likabaki mikono mitupu. Wengine wametaja sababu nyingine pia, lakini upungufu wa albumini umeonekana wazi katika damu ya watoto hao.

Yule mtoto alinyweshwa maziwa kwa kipimo, kidogo kidogo, maana mwili dhaifu haumudu wingi wa ghafula. Uvimbe uliposhuka ilionekana mifupa, na majirani wakajua kuwa unene ule ulikuwa maji. Alipona.

Basi, msomaji, ukimwona mtoto amevimba miguu na amenyamaza, usimsifu. Mhimize mama yake ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na mdogo wako asiachiwe uji mtupu: apate maharagwe, omena, maziwa au yai. Matarishi wa mwili hawachoki kupeleka barua; kuleta malighafi ni kazi yetu.