Shamba Linalopimwa kwa Kidole

Leo tuviache kidogo vijiji vyetu, tuvuke bahari ya Hindi, tufike Indonesia. Nchi hiyo ni visiwa, vikubwa kwa vidogo, navyo vyapita 17,000. Kimoja chaitwa Flores, jina lililotoka kwa Wareno, na maana yake ni Maua. Raia wengi wa Indonesia ni Waislamu, lakini katika Flores walio wengi ni Wakatoliki. Mapadri Wadominiko kutoka Ureno walihubiri pande hizo tangu karne ya 16. Katika karne ya 20 kazi yao iliendelezwa na wamisionari wa Shirika la Neno la Mungu. Shirika hilo hilo lilifika Kongo mwaka 1951, na baadaye Waindonesia wenyewe walitumwa kuhubiri huku kwetu. Basi watu hawa si wageni kabisa kwetu.

Twende upande wa magharibi wa kisiwa, katika nchi ya Manggarai. Ni nchi ya milima, yenye mvua nyingi na baridi ya asubuhi. Watu wake ni wakulima: hulima mpunga, mahindi, mihogo na kahawa, nao hufuga nguruwe na nyati. Nyati hao si wakali kama wale wa porini kwetu. Wamefugwa, nao huvuta jembe na kukanyaga matope ya shamba.

Kijiji cha kale cha Manggarai kina umbo la duara. Katikati ya uwanja pana jukwaa la mawe yaliyopangwa, mahali walipotolea sadaka wahenga. Nyumba zimeuzunguka uwanja huo. Nyumba moja hupita nyingine zote kwa heshima, nayo ni nyumba ya ngoma. Humo hutundikwa ngoma za ukoo, na humo wazee hukaa kuamua mashauri. Wenyeji husema kwamba ngoma iko ndani na shamba liko nje. Maana yake, kijiji kisicho na ardhi si kijiji, na ardhi isiyo na nyumba ya ngoma haina mwenyewe.

Katika vijiji vingi nyumba za kale zimekwisha kuondoka, mahali pake zikajengwa nyumba za mbao na mabati. Lakini katika kijiji cha Wae Rebo, ambacho hufikiwa kwa miguu tu kwa kupanda msitu saa kadhaa, zimesimama nyumba saba ndefu zenye umbo la pia, zilizoezekwa kwa nyasi toka kilele mpaka karibu na ardhi. Kila moja ina orofa tano. Chini hukaa watu. Juu yao huwekwa chakula na vyombo, kisha mbegu, kisha akiba ya siku za njaa, na juu kabisa sadaka za wahenga. Tazameni hekima hiyo: mbegu haziwekwi pamoja na chakula, ili mwenye njaa asile mavuno ya mwaka ujao.

Sasa tuyatazame mashamba, maana hapo ndipo penye ajabu. Karibu na Cancar, si mbali na mji wa Ruteng, mtu akipanda kilima huona bondeni mashamba ya mpunga yaliyofanana na utando wa buibui. Jambo hilo halikufanywa kwa kupendeza macho, bali ni desturi ya kugawa ardhi.

Ardhi ilikuwa mali ya ukoo mzima. Mzee wa kijiji aliwaongoza watu, na mzee mwingine aliwekwa kwa kazi ya kugawa ardhi. Siku ya kufungua shamba jipya, mzee huyo alisimika mti katikati. Mnyama alichinjwa, watu wakala pamoja. Kisha mzee akapima sehemu kwa vidole vyake kuuzunguka ule mti: huyu kidole kimoja, yule viwili, kwa kadiri ya cheo chake na jamaa yake. Kutoka alama hizo ndogo mistari ilivutwa mpaka mpakani. Katikati sehemu zote ni nyembamba, lakini kadiri mstari unavyokwenda mbali, ndivyo shamba linavyopanuka. Hivyo kila nyumba ilipata fungu lake, na wote waliutazama mti mmoja.

Je, desturi hiyo imeondoa matata yote? Hasha. Zamani watu walilima miaka michache, wakaiacha ardhi ipumzike, wakagawana mahali pengine. Siku hizi mpunga wa maji na kahawa vimemfunga mkulima mahali pamoja. Kidole alichopewa babu kimekuwa urithi wa baba. Baba akiwa na wana wanne, kidole kile kitakatwa mara nne. Wajukuu watakata tena. Watu huongezeka, bonde haliongezeki. Wengine huenda kutafuta kazi mbali na kwao, na ugomvi wa mipaka kati ya vijiji umewahi kumwaga damu.

Serikali nayo ina sheria yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inatambua haki ya jamii za kienyeji, na pia inaamuru ardhi iandikishwe. Tangu mwaka 2017 kazi ya kuwapa watu hati imezidishwa sana. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hati humlinda maskini asinyang'anywe. Lakini hati huandikwa jina la mtu, na mwenye jina aweza kuuza bila kuwauliza ndugu. Hapo ukoo huamka asubuhi na kumkuta mgeni katikati ya utando.

Kuna shauri jingine, nalo latuhusu sisi pia. Kwa desturi ya Manggarai mwana wa kiume huitwa mtu wa ndani, na binti huitwa mtu wa nje, kwa sababu ataolewa kwa mahari na kwenda kwa watu wengine. Kwa hiyo harithi ardhi, ingawa wazazi wengine humpa binti yao shamba dogo kwa mapenzi. Mwaka 1961 mahakama kuu ya Indonesia, katika shauri la watu wa Karo wa kisiwa cha Sumatra, iliamua kwamba binti ana haki ya urithi kama ndugu zake wa kiume. Lakini desturi haibadiliki kwa siku moja. Sisi Wakristo tukumbuke binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao, na Mungu akawapa haki.

Kanisa halikuzidharau desturi njema za watu hawa. Askofu Wilhelmus van Bekkum wa Ruteng alisema mbele ya mkutano wa Liturujia huko Assisi, mwaka 1956, kwamba yaliyo mema katika desturi za watu yaweza kuingia katika ibada ya Kikristo. Hata leo waamini wa Manggarai humshukuru Mungu kwa mavuno kwa ngoma na nyimbo zao.

Wazazi na wanafunzi, tujifunze kwa ule mti wa katikati. Mzee akikosea upana wa kidole kimoja pale kwenye mti, kule mpakani kosa limekuwa hatua nyingi, na kila mwaka mtu hupanda katika shamba la mwenzake. Ndivyo ilivyo nyumbani. Udanganyifu mdogo wa baba wakati wa kugawa mali huwa vita ya wajukuu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Basi tugawe kwa haki tungali hai, mbele ya mashahidi, na binti zetu wakiwapo.