Mji wa Moshi na Maji ya Mlimani

Miji mingi ya dunia ilizaliwa na mito. Huko Uchina mji wa Wuhan ulikua penye mto mkubwa wa Yangtze, kwa kuwa vyombo vilipita humo na shehena za biashara. Mito yetu ya Kilimanjaro, kama Karanga, Weruweru na Rau, haipitishi jahazi, maana yatelemka kwa kasi makorongoni. Hata hivyo mji wa Moshi nao ni mtoto wa mito.

Zamani jina la Moshi halikuwa la mji huu wa chini. Lilikuwa la nchi ya mlimani, iitwayo sasa Old Moshi, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Meli. Meli aliwashinda Wadachi mwaka 1892, lakini mwaka wa pili yake walimshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga. Mwaka 1911 reli ya Tanga ilifika chini ya mlima. Kwa kuwa gari la moshi haliwezi kupanda magenge, mji ulijengwa penye kituo, na jina likatelemka nao.

Lakini reli isingekuwa na cha kuchukua kama si maji. Kahawa ilipandwa vihambani chini ya migomba, na migomba ilinyweshwa kwa mifongo. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925. Mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, kilichouza kahawa ya wenye mashamba madogo.

Basi, mfongo ni nini? Ni mfereji uliochimbwa na watu wa ukoo, unaoanzia juu korongoni na kuzunguka kilima polepole hata kufika vihambani. Maji hugawanywa kwa zamu. Asiyetokea siku ya kuzibua mfongo hutozwa faini, maana anywaye maji yapasa ashike jembe.

Wengi hudhani ya kuwa maji haya ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Sivyo. Sehemu kubwa yatokana na mvua inyeshayo juu ya msitu, ambayo ardhi huinywa na kuitoa tena katika chemchemi. Kwa hiyo akataye mti kule juu huziba kisima cha mtu asiyemjua.

Jambo hili lilionekana wazi tambarare. Mwaka 1987, kwa msaada wa Wajapani, mashamba ya mpunga ya Lower Moshi yalikamilishwa, yakipata maji ya Njoro na Rau. Mpunga ulistawi sana. Jirani waliokaa juu ya mifereji ile walipoiona faida, wakajifungulia maji, nao wakalima mpunga. Ndipo maji yakapungua chini, na mashamba mengine yakakosa kupandwa.

Je, walikosea kutamani mavuno? La. Kilichokosekana ni zamu. Na maji hayo hayaishii Moshi: huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani huyachukua hata baharini.

Leo mji una viwanda, vyuo na hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, na wote hao wana kiu. Wazee wetu hawakuwa na mabomba, lakini walijua kuhesabu zamu. Twaweza kujenga maghorofa mengi. Tusipokumbuka sheria ya mfongo, tutajenga mji mkavu.