Nasaba na Ngozi ya Mbwa

Katika bonde la Kilombero mbwa hana cheo, lakini ana kazi. Wakati wa kilimo cha mpunga wakulima wengi wa Ifakara na vijiji vya jirani huhama nyumba zao wakaishi mashambani, katika vibanda na madungu, mpaka mavuno yatakapokwisha. Usiku nguruwe mwitu hutoka vichakani kuja kula. Mchana tumbili na nyani hushika zamu yao. Anayesikia kwanza ni mbwa. Hakununuliwa kwa fedha nyingi, wala hakuna kitabu kilichoandikwa jina la babu yake. Huenda ni mwekundu, mweusi au wa madoa, masikio yamesimama au yamelala, na hapana mtu aliyetaka kujua sababu. Akibweka kwa wakati wake, ametimiza wajibu wake.

Kando ya mbwa huyu amekuja mwingine, yule ambaye watu humwita mbwa wa kizungu. Wengine walimwona kwanza katika mikono ya polisi, wengine katika nyumba za matajiri wa Dar es Salaam, wakatamani kuwa naye. Bei yake ni kubwa kwa sababu ya jina lake, na anayemnunua huuliza swali moja: je, ni safi? Kwa neno hilo anataka kujua kama damu yake haikuchanganyika. Ni swali la haki, lakini ni nusu ya swali. Damu isiyochanganyika yaweza kuwa na afya, na yaweza kuwa imehifadhi maradhi kwa uaminifu uleule inaohifadhi rangi na umbo.

Mahali pa kujifunza jambo hili ni ngozi. Mbwa wengi wenye ngozi mbovu hawakurithi ubovu huo. Wameupata kwa kupe, kwa viroboto, au kwa wadudu wa upele wasioonekana kwa macho. Nao wakitibiwa hupona. Kumsingizia mzazi kosa la kiroboto ni dhuluma. Lakini dhuluma ya pili ni kudhani kwamba kila kinachowasha kimetoka nje. Yuko mdudu mmoja, demodeksi, ambaye mama humpa mtoto wake katika siku za kwanza za kunyonya. Karibu kila mbwa humbeba bila madhara. Wachache, ambao kinga ya miili yao ina udhaifu wa asili, humea upele mwili mzima wangali wachanga. Kwa sababu hiyo waganga wa mifugo hushauri kwamba mbwa wa namna hiyo, hata akipona, asizalishwe. Hapa mdudu na nasaba wamekutana katika jeraha moja, na bwana mifugo asiyeuliza habari za wazazi ametibu upande mmoja tu.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka katika Afrika yenyewe. Kusini mwa bara hili Wakhoikhoi walifuga mbwa waliokuwa na ushungi wa manyoya mgongoni, manyoya yaliyoota kuelekea kichwani badala ya mkiani. Walowezi waliwakutanisha mbwa hao na mbwa wao kutoka Ulaya, na mwaka 1922, mjini Bulawayo, wakaandika kanuni za ukoo mpya ulioitwa Rhodesian Ridgeback. Ushungi ukawa ndio cheti. Mtoto aliyezaliwa bila ushungi alihesabiwa kuwa na ila, na wafugaji wengi walimwua.

Mwaka 2007 watafiti wa Sweden na wenzao walionyesha kwamba ushungi huo hutokana na kipande cha jeni kilichojirudia. Tena walionyesha kwamba kipande hichohicho huandaa njia ya ugonjwa ambao umewatesa mbwa hao kwa miaka mingi. Mtoto angali tumboni mwa mama, ngozi ya shingo au mgongo hushindwa kuachana vema na uti. Hubaki kijitundu chembamba kama mrija, ambacho mara nyingine hushuka mpaka kwenye uti wa mgongo wenyewe. Uchafu huingia, usaha hutunga, na mbwa huweza kufa. Walio katika hatari zaidi ni wale waliorithi kipande hicho kwa baba na kwa mama pia. Wale wasio na ushungi ni nadra sana kupatwa. Basi kwa miaka mingi mtoto mzima aliuawa kwa kuwa hana alama ya ugonjwa, na ndugu yake mwenye alama alitunzwa azae. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dawa ya msiba huu iko wazi. Mwenye ushungi akikutanishwa na asiye nao, hakuna mtoto atakayerithi kipande kile mara mbili. Gharama yake ni fahari tu: humtaka mfugaji amheshimu mbwa ambaye majaji wa maonyesho humkataa. Filamu ya BBC ya mwaka 2008 ilipofichua desturi hizi, wafugaji wengi walighadhibika kwa kuonyeshwa kuliko kwa kilichoonyeshwa.

Si kila ila huvaa alama. Katika ukoo wa Golden Retriever kuna maradhi ya kurithi yanayoifanya ngozi itoe magamba. Jeni yake ilijulikana mwaka 2012. Mbwa aliyebeba jeni moja ya ugonjwa huonekana mzima kabisa. Akikutana na mwenziwe aliye vilevile, kwa wastani mtoto mmoja katika wanne huugua. Macho hayawezi kumtambua mbebaji. Kipimo cha damu au mate huweza. Wala hapana haja ya kumtupa: akikutanishwa na asiyebeba, watoto wake hawataugua.

Maarifa haya si mageni kwa bonde la mpunga. Ifakara ina kituo cha utafiti wa kilimo, kilichojulikana kwa jina la KATRIN, ambacho kimeshughulika miaka mingi na mbegu za mpunga. Mkulima anajua kwamba harufu nzuri peke yake haijazi ghala, na kwamba suke lenye kasoro halifai kurudishwa shambani. Anachofanya kwa punje, mwenye mbwa aweza kukifanya kwa jike wake. Asimpandishe kwa kaka yake wala kwa baba yake. Aandike waliougua pamoja na waliouzwa. Mnunuzi naye aombe kuwaona wazazi, awapapase shingo na mgongo, aulize ndugu wa tumbo moja wamekuwaje. Mbwa wa ngozi mbovu ahasiwe, apewe kazi na chakula kama wengine.

Wanaodharau habari hizi kwa kuwa ni za mbwa wakumbuke mwisho wake. Mbwa aliyenunuliwa kwa fahari, ngozi yake ikioza na dawa zikishindwa, aghalabu hufukuzwa. Huzurura sokoni na jalalani, hana wa kumpeleka siku ya chanjo; na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mtoto anayeumwa njiani hamjui aliyewakutanisha wazazi wa mbwa yule kwa tamaa ya bei, wala hatamjua. Lakini deni lile lilianza kwake, nalo hulipwa na wasiokopa.